Ghorofa ya Juu kwa Mama Mkwe

Wiki jana mliniacha mlangoni mwa kanisa, nimemshika mkono Tosia wangu aliyevaa gauni jeupe la Komunyo ya Kwanza na taji la maua kichwani, na wengi wenu mlinitakia heri. Asanteni. Heri ile ilidumu mpaka supu ilipofika mezani.

Kwa anayenikuta leo: naitwa Bogna. Mume wangu Darek ni fundi wa mapaa kule Kassel, Ujerumani, na hurudi kwetu Prudnik kila baada ya wiki mbili. Tuna watoto wawili, Tosia na mdogo wake Leon. Tuna flati ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, tuliyoinunua kwa mkopo wa benki. Kabla ya hapo niliishi kwa mama mkwe, Bi Genowefa, ambaye alikuwa akifunua sufuria zangu na kunusa kabla hajanisalimu. Flati ile ndiyo pumzi yangu.

Riba ilipopanda nchi nzima, rejesho letu la mwezi lilikaribia kuwa mara mbili. Majirani walilia ngazini. Mimi nilikuwa nasoma uhasibu shule ya jioni, na mwalimu wetu alisema neno lililonikaa: zloti unayoipeleka benki leo juu ya rejesho, inaiua riba ya kesho.

Basi ile fedha ya watoto ambayo serikali hutupa kila mwezi, kwa kila kichwa cha mtoto, sikuigusa. Viatu vya Leon vilitoka kwa mtoto wa jirani. Baharini hatukwenda. Siku fedha inapoingia, siku hiyohiyo naituma benki ikapunguze deni la msingi.

Tosia ndiye aliyekuwa akibonyeza simu.

"Mama, leo tumenunua nini?"

"Leo tumenunua dirisha la jikoni."

Mwezi mwingine tulinunua mlango wa bafu. Mwezi mwingine sakafu ya korido, mpaka kwenye kibao kinacholia ukikikanyaga. Mtoto alijua barabara ni wapi petu na ni wapi pa benki.

"Chumba changu kiwe cha mwisho," aliniambia. "Hicho nitakinunua mwenyewe."

Sasa turudi mezani.

Tulikuwa tumebanana sebuleni, meza yetu na ya jirani zimeunganishwa kwa shuka moja. Nilikuwa nimepika tangu Ijumaa: supu ya kuku na tambi, nyama ya kuviringisha, madonge ya viazi yenye kishimo cha mchuzi katikati, kabichi nyekundu. Mama mkwe alionja supu, akaweka kijiko chini.

"Chumvi imekwenda likizo?"

"Iko mbele yako, mama."

"Naiona. Nauliza tu."

Zenek, baba wa ubatizo wa Tosia, aliinuka na glasi yake. Zenek anafanya kazi na Darek, paa moja, kamba moja. Ilikuwa glasi ya tatu au ya nne ile, na uso umeshaanza kung'aa.

"Tosia, mwanangu, leo umempokea Yesu," akasema, akamkabidhi bahasha. "Yesu mwema, na baba yako mjanja. Darek, wewe una watoto wa dhahabu! Mjerumani anakupa yuro mia mbili na hamsini kwa kila kichwa, na huku kwetu zloti zetu mia nane juu yake. Mimi na upweke wangu nilie wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la madonge.

"Mjerumani gani, shemeji?"

"Mjerumani! Yule anayetulipa mshahara."

"Darek analipwa na kampuni ya Opole."

Zenek akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Kampuni ya Opole? Shemeji, tulitoka huko tangu kipindi cha barakoa. Tuko moja kwa moja kwa Mjerumani."

"Zenek," akasema mama mkwe bila kuinua macho, "kula. Unaongea na mdomo mtupu."

Na hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipojua kwamba mezani pale tulikuwa wawili tu tusiojua. Mimi na Leon.

Nieleze kidogo, kwa sababu maisha yangu yote yamening'inia hapa. Mtu anayepelekwa kazini Ujerumani na kampuni ya kwetu, mwili uko kule lakini makato yake yanalipwa huku, na watoto wake wanalipwa huku. Akiajiriwa na Mjerumani mwenyewe, mambo yanageuka. Huwezi kula sehemu zote mbili. Kila mwaka nilipoomba fedha ya watoto niliulizwa kama kuna mzazi mwenye ajira nje. Kila mwaka nilimpigia Darek. Kila mwaka akasema, "Andika hapana, mke wangu. Niko na watu wa Opole."

Nilimvizia Darek jikoni. Alikuwa akikata keki.

"Fedha ya Mjerumani inaingia wapi?"

"Bogna, wageni."

"Inaingia wapi?"

"Akaunti yangu ya kule."

"Nami nilikuwa naandika hapana. Kwa jina langu."

"Kwani nani haandiki? Nusu ya Prudnik inaandika hapana. Wao wana hela, hawaoni."

"Wao nani?"

"Nchi."

Aliisema kama vile nchi ni mjomba tajiri asiye na watoto.

"Na hiyo hela imefanya nini? Mimi nimevaa koti moja tangu nimzae Leon."

Akalamba krimu kwenye kisu. Darek akiwa na aibu hulamba vitu.

"Iko kwa mama. Ghorofa ya juu. Nimeweka madirisha mapya, paa jipya, sakafu yenye joto. Nilitaka niwashtukize kwa furaha."

Nilicheka. Msinilaumu. Mke yuko huku anainunua flati kwa fedha ya watoto, dirisha kwa dirisha. Mume yuko kule anajenga dari ya mama yake kwa fedha ya watoto walewale. Watoto wawili, nyumba mbili, na hakuna hata moja iliyokwisha.

"Uza hili kabati la ghorofa ya tatu," akasema Darek. "Ukitaka kuwarudishia hela yao, warudishie. Tuhamie kwa mama. Kuna bustani. Leon apate mbwa."

"Jumanne nakwenda ofisini kusema."

Kisu kikasimama.

"Ukienda, unajichongea mwenyewe. Mimi sikuandika kitu. Umeandika wewe."

Kutoka sebuleni mama mkwe akaita, "Hiyo keki mnaikata au mnaibatiza?"

Jioni hiyo Darek aliondoka na Zenek kurudi Kassel. Hakunibusu. Alimbusu Tosia kwenye taji la maua.

Nilipokuwa nakusanya sahani, Tosia alikuja na bahasha zake zote amezifunga kwa utepe wa gauni.

"Mama, leo tununue chumba changu."

"Leo benki imelala, mwanangu."

"Benki hailali. Iko kwenye simu."

Nilimwambia ahifadhi utepe, usichafuke, kwa sababu wiki nzima hiyo watoto wa Komunyo huvaa nyeupe tena kila jioni kwa ajili ya misa. Akaenda kulala amezikumbatia bahasha zake. Nilisimama kwenye kile kibao kinacholia na sikuweza kusogea.

Jumatatu nilipiga simu benki. Kijana mwenye sauti ya asali akanipokea.

"Dada, fedha iliyoingia kwenye deni la msingi haitoki tena. Ila nikupongeze, umeufupisha mkopo wako kwa miaka sita!"

"Nahitaji karibu elfu arobaini, niirudishie serikali fedha ya watoto."

"Tunaweza kuangalia mkopo mpya. Una ajira?"

"Sina."

"Basi, dada," akasema kwa upole uleule, "nikutakie siku njema."

Jumanne nilipanda treni hadi Opole, ofisi ya mkoa. Dirisha nililopewa lilikuwa la mama mmoja mwenye mafua, Bi Lidia, ana glasi ya chai ya limau na skafu shingoni mwezi wa Mei.

"Nimekuja kujisema," nikamwambia.

Akainua macho. "Huku watu huja kulalamika, mama. Kujisema ni kanisani."

"Huko nilikwenda Jumapili."

Akanionyesha kiti. Nikamwambia yote, tangu kampuni ya Opole mpaka keki. Hakunikatisha ila kupenga kamasi. Nilipomaliza akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Na wewe unafanya kazi wapi?"

"Nipo nyumbani. Zamani nilikuwa duka la mikate."

"Uliacha lini?"

Nikamwambia. Akatazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akatazama tena kompyuta.

"Uliacha kwa kutaka mwenyewe?"

Nikataka kusema ndiyo. Ndipo nikamkumbuka Darek, amekaa ukingoni mwa kitanda, amenishika viganja vyangu. "Kaa na watoto, mke wangu. Mikono yako inanuka hamira mpaka usingizini. Mimi nitatosha." Nililia kwa furaha siku ile. Mama mkwe alituletea bata.

"Mume wangu alinihurumia," nikasema.

Bi Lidia akashusha glasi yake taratibu.

"Sikia, binti yangu. Ungekuwa na ajira hapa, hata ya nusu siku, sisi ndio tungetangulia kulipa, kwa sababu watoto wanaishi hapa. Mjerumani angeongezea kidogo tu juu. Mama asipofanya kazi, Mjerumani analipa yote."

"Yote?"

"Yote. Na sisi hatupaswi kulipa kitu."

Sikuhitaji daftari la shule ya jioni kuipiga hesabu hiyo. Siku Darek alipohamia kwa Mjerumani, alihitaji mke asiye na kazi. Akaninunua kwa huruma.

"Utarudisha yote uliyopokea tangu hapo, na riba yake," akasema Bi Lidia. "Naweza kukuombea ulipe kidogo kidogo kwa sababu umekuja mwenyewe. Lakini nahitaji maelezo yako kufikia Ijumaa, na yapo ya aina mbili tu. Ama unasema ulikosea, na deni ni lako peke yako. Ama unasema ulidanganywa, unamtaja aliyekudanganya, na jalada linakwenda polisi, wa huku na wa kule."

"Ni baba wa watoto wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa."

Akanipa karatasi ya kupengea, ya kwake mwenyewe, kutoka kwenye boksi lake.

Niseme jambo moja jema, maana siku ile lilikuwepo. Niliposhuka kwenye treni Prudnik, miguu haikunipeleka nyumbani. Ilinipeleka duka la mikate. Mwenye duka, Mama Stefka, alikuwa amejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Umekuja kununua au kutazama?"

"Kuomba kazi. Hata nusu siku."

"Nilikwambia nini ulipoondoka? Nilikwambia mwanaume akikuhurumia sana, hesabu vidole vyako." Akanitupia aproni. "Jumatatu. Saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa nakuoka."

Nilitoka pale nanuka hamira, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilivuta pumzi ikafika chini. Nikapiga hesabu njiani: nusu siku ya mikate, rejesho la benki, kidogo kidogo ya ofisi. Ilikuwa kamba nyembamba kama uzi wa tambi, lakini ilifika ng'ambo. Flati ingebaki. Watoto wangebaki pale walipo. Na Darek ningempa nafasi ya kusema ukweli mwenyewe, kabla sijausema mimi.

Kwa hiyo nikampigia. Hilo ndilo kosa langu la wiki hii, nalo ni kosa la mtu anayempenda mume wake.

"Nimefika ofisini," nikamwambia. "Wanataka maelezo Ijumaa. Njoo tukayaandike wote wawili. Ukienda mwenyewe watakuhurumia."

Nikasikia nyundo nyuma yake. Nikasikia Zenek akipiga mluzi.

"Na Jumatatu naanza kazi kwa Mama Stefka."

Nyundo ikanyamaza.

"Kazi ya mkataba?"

"Ya mkataba."

Nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi ya chuma.

"Bogna," akasema, sauti laini kama ya siku ile ukingoni mwa kitanda. "Usiandike chochote. Usisaini kwa yule mpika mikate. Ningoje nije."

"Utakuja lini?"

"Nitakuja tu, mke wangu."

Nikamwamini. Nikajua atakuja mwisho wa wiki, kama kawaida yake.

Jumatano alasiri nilimvisha Tosia gauni lake jeupe mapema, nikamwacha yeye na Leon kwa jirani yangu Renia, mlango wa pili.

"Nakwenda kwa mama mkwe mara moja," nikamwambia Renia. "Nitawapitia kabla kengele ya misa haijalia."

"Kwa Genowefa? Kunywa maji kwanza."

"Kwa nini?"

"Kule hupewi."

Nilitaka kuliona hilo paa kwa macho yangu. Na nilitaka kumwomba. Ndiyo, kumwomba. Nilijiambia kuwa yeye pia ni mama. Nilijiambia kuwa akijua mwanawe anaweza kwenda jela, atauza hata yale madirisha.

Nilimkuta kwenye kibanda cha plastiki anapanda miche ya nyanya. Hakuinuka.

"Umekuja kuhesabu matofali?"

"Nimekuja kuona watoto wangu wamejenga nini, mama."

"Wamejenga vizuri. Panda. Viatu vua, sakafu ni mpya."

Nilipanda peke yangu. Kulinukia vanishi. Sakafu ilikuwa na joto kweli, joto lile likanipanda kwenye nyayo, na nikakumbuka soksi za Leon zenye viraka.

Chumba cha kwanza kilikuwa cha watoto. Vitanda viwili, mito imeshapuliziwa lavenda. Ukutani mtu alikuwa amechora kwa rangi ya waridi, kwa mkono wa taratibu sana: TOSIA. Nyuma ya mlango kulikuwa na kiango kimoja, kipana, cha mbao, kimevishwa kitambaa cheupe. Kiango cha gauni. Gauni moja tu.

Rangi ya jina ilikuwa kavu. Haikupakwa jana wala juzi.

Chumba cha pili kilikuwa na kitanda kimoja. Chembamba. Cha mtu mmoja. Juu yake blanketi la Darek la kijeshi, lile alilokuja nalo siku tuliyooana na ambalo aliniambia limepotea Kassel.

Nikatafuta chumba cha tatu. Hakikuwepo. Nikatafuta jiko. Halikuwepo.

Nikasikia pumzi za mama mkwe ngazini. Akasimama mlangoni, anajifuta udongo kwenye aproni.

"Jiko liko wapi, mama?"

"Liko chini. Langu linatosha."

"Na hiki ni chumba cha nani?"

"Cha mwanangu."

"Ni kitanda cha mtu mmoja."

"Darek hapendi kusukumwasukumwa usingizini. Tangu mdogo."

"Mama." Nilikitazama tena kile kitanda chembamba. "Mimi nalala wapi?"

Akanikaribia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe kwake, mwanamke yule alinigusa shavu. Kidole chake kilikuwa na udongo wa nyanya.

"Wewe una flati yako, mwanangu. Umeipigania sana hiyo flati. Umewanyima watoto bahari, umewanyima viatu, ukaitaka flati. Nani atakunyang'anya? Kaa nayo."

"Darek anaweza kufungwa. Unalijua hilo? Ijumaa natakiwa kuandika."

"Andika. Andika kwamba ulikosea." Alisema kwa upole, kama anayenipa mapishi. "Mama anayekosea, watu wanamsamehe. Mama anayempeleka baba wa watoto wake gerezani, mahakamani wakiulizwa watoto wakae na nani, hakimu atamtazamaje?"

"Mahakama gani?"

Alikwenda dirishani, lile dirisha jipya, akalifungua kwa kidole kimoja ili nione lilivyo jepesi.

"Darek hajakuambia?"

Ndipo nilipolisikia gari. Kila mke wa fundi hulijua gari la mumewe, nami lile la Darek nalijua kwa mlango wake wa nyuma, unaofungwa kwa waya na kulia kama mbuzi. Lakini gari lile lilikuwa Kassel. Niliisikia nyundo yake kwa masikio yangu jana tu.

Nikasogea dirishani.

Darek alikuwa ameshashuka. Amevaa nguo za kazi, hajanyoa, uso wa mtu aliyeendesha usiku kucha. Akafungua ule waya. Akatoa baiskeli ya Leon. Akatoa begi la shule la Tosia. Akatoa godoro dogo la bluu lenye doa la maziwa, godoro ambalo asubuhi ile nililitandika kwa mikono yangu, nyumbani kwangu, kwenye chumba ambacho bado hatujakinunua.

Leon, niliyemwacha kwa Renia, alikuwa amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi.

Nilifungua mdomo nipige kelele. Nyuma yangu mama mkwe akasema, taratibu, "Usimtishe mtoto."

Mlango wa mbele ukafunguka. Kwanza kikatoka kiatu cheupe, kikatafuta pa kukanyaga pasipo na tope. Kisha gauni. Kisha Tosia wangu mzima, taji kichwani, bahasha zake zimefungwa utepe na kushikwa kifuani kwa mikono yote miwili. Kutoka mjini kengele ya misa ilikuwa inalia.

Akaitazama nyumba toka chini hadi juu, kama anavyoitazama kila kitu anachofikiria kukinunua. Akaliona paa. Akaliona dirisha. Akaniona mimi ndani yake.

Uso wake wote ukafunguka.

"Mama!" akaita, anapunga bahasha. "Kumbe na wewe unahamia?"